Miezi Mitatu Ndani ya Plasta: Kumtunza Mtoto Aliyepasuliwa Nyonga



Mwaka juzi dadangu alirudi nyumbani kutoka hospitali na mwanawe wa kike, umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Mtoto alikuwa amefungwa plasta kutoka kifuani hadi vifundoni, miguu imepanuliwa kama mtu aliyepanda punda, na katikati ya miguu pana kijiti cha kuizuia isisogee. Majirani waliokuja kutoa pole walisimama mlangoni wakashika midomo. Mmoja alinong'ona kuwa ni jicho la hasidi. Mwengine alimuuliza mama waziwazi, "Ulimwangusha?"

Dadangu hakumjibu. Usiku, wageni walipoondoka, ndipo aliponiambia, "Wamenipa karatasi moja ya Kiingereza na tarehe ya kurudi. Hakuna aliyenionyesha hata namna ya kumvisha pampasi."

Makala haya ni yale ambayo tungetamani tupewe siku ile. Mengi nimeyapata kwa kuwauliza madaktari na wauguzi, mengine kwa kukesha. Hayachukui nafasi ya maagizo ya daktari wa mtoto wako, ila yatakusaidia kujua la kuuliza na la kufanya saa nane za usiku. Jambo kubwa nililojifunza ni hili: upasuaji ni kazi ya saa chache, na daktari huimaliza. Plasta ni kazi ya miezi, na anayeimaliza ni nyumba nzima.

Nyonga hutokaje mahali pake?

Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo, na hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Fikiria mchi ndani ya kinu. Kuna watoto wanaozaliwa kinu chao hakina kina cha kutosha, mchi ukawa unateleza au umetoka kabisa. Hali hii huwapata zaidi watoto wa kike, vifungua mimba, waliotanguliza matako tumboni, na wale ambao mzazi au ndugu yao alizaliwa nayo. Mama hakumwangusha mtoto. Hakumbeba vibaya. Wala si kwa sababu alikula au hakula kitu fulani akiwa na mimba.

Tatizo ni kwamba mtoto mchanga haumwi, kwa hivyo hulii wala hulalamiki. Wazazi wengi hugundua pale anapoanza kutembea. Kama ni upande mmoja, huchechemea. Kama ni pande zote mbili, huyumba kama bata, na watu hucheka wakisema ndio mwendo wake.

Matibabu hutegemea umri. Chini ya miezi sita, wengi hutibiwa kwa mikanda laini inayoshikilia miguu ikiwa imekunjwa na kupanuliwa. Huitwa mikanda ya Pavlik, kwa jina la daktari Arnold Pavlik wa iliyokuwa Czechoslovakia, na mara nyingi kisu hakihitajiki. Baada ya hapo, hadi karibu mwaka na nusu, daktari hujaribu kuurudisha mfupa bila kupasua, mtoto akiwa chini ya nusukaputi, kisha humfunga plasta. Akishapita umri huo, kwa kawaida hupasuliwa. Wengine hukatwa pia mfupa wa nyonga ili kikombe kimfunike mchi vizuri. Upasuaji mmoja mashuhuri wa namna hiyo ulielezwa mwaka 1961 na Robert Salter, daktari wa mifupa wa Toronto, Kanada. Wengine hufupishwa mfupa wa paja ili kupunguza mkazo.

Plasta inafanya kazi gani?

Plasta hii madaktari huiita spaika. Inaweza kuwa ya piopi, ile nyeupe nzito, au ya nyuzi za kioo, ambayo ni nyepesi na hukauka upesi. Kazi yake ni kuushikilia mchi ndani ya kinu mpaka nyama na ngozi ngumu za kiungo zikaze upya, na kama mfupa ulikatwa, mpaka uunge. Kwa watoto wengi ni kati ya wiki 6 na 12. Mara nyingi mtoto hurudishwa nusukaputi katikati ya muda huo ili plasta ibadilishwe na nyonga ikaguliwe.

Kwa hiyo plasta ikitolewa kabla ya wakati wake, mchi unaweza kutoka tena, na upasuaji wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza. Lisahau lolote katika makala haya, ila usilisahau hilo.

Siku za kwanza

Mtoto atalia. Misuli iliyovutwa hukaza ghafla, hasa usiku, naye hushtuka usingizini. Mpe dawa za maumivu kwa saa zilizoandikwa, usisubiri mpaka alie. Kwa kawaida, baada ya siku chache utulivu huanza kurudi.

Kama ni piopi, huchukua siku moja hadi tatu kukauka kabisa. Katika muda huo, mnyanyue kwa viganja vilivyofunguka, si kwa ncha za vidole, kwani kila kidole kinachobonyea huacha kivimbe ndani kinachoweza kumchoma ngozi. Iache ikauke kwa hewa. Usiisogeze karibu na jiko wala usiipulizie hewa ya moto.

Mara kadhaa kwa siku, angalia vidole vyake vya miguu. Viwe na joto na rangi yake ya kawaida, na avichezeshe ukimtekenya. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, kisha uachilie: damu inapasa kurudi ndani ya kama sekunde mbili.

Haja ndogo na haja kubwa

Hapa ndipo akina mama wengi wanapovunjika moyo. Plasta huachwa tundu sehemu za siri. Siri yake ni kutumia pampasi mbili. Ya kwanza iwe ndogo kuliko saizi yake, hata ya mtoto mchanga, au pedi. Ipenyeze ndani ya kingo za tundu, mbele na nyuma, isitokeze nje. Ya pili iwe kubwa, ifungwe juu ya plasta kuishikilia ile ya ndani. Ibadilishe ile ya ndani kila baada ya saa mbili mchana, na saa tatu au nne usiku, hata kama mtoto amelala.

Kichwa na kifua viwe juu kidogo kuliko miguu wakati wote, kwa kuinua godoro upande wa kichwani au kupanga mito chini ya kiwiliwili chote. Hivyo mkojo huteremka kwenye pampasi badala ya kurudi mgongoni. Kingo za tundu zibandikwe utepe usiopitisha maji. Mwombe muuguzi akuonyeshe kabla hujatoka wodini. Plasta ikirowa kidogo, ifute kwa kitambaa chenye unyevu mdogo kisha uiache kwenye upepo.

Kuna mama watajiuliza kuhusu swala na nguo zao, maana mtoto huyu hubebwa sana na mkojo huvuja. Usiache jambo hilo likukae moyoni. Muulize sheikh wa mtaani kwako, umweleze hali ilivyo hasa.

Joto, jasho na muwasho

Joto la pwani yetu halimhurumii mtoto aliye ndani ya plasta. Mvishe nguo moja nyepesi au umfunike leso tu. Mlaze penye upepo au karibu na panka. Mwili ulio nje ya plasta ufute kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Kuoga kwa maji ya kumwagia hakuna mpaka plasta itoke.

Bibi zetu watakuja na chupa ya mafuta ya nazi, na nia yao ni njema. Lakini ndani ya plasta hapaingii mafuta, poda wala dawa ya kupaka, kwa sababu vyote hugandamana na jasho na kuichubua ngozi. Muwasho ukizidi, mpulizie hewa baridi kwenye ukingo wa plasta, au gongagonga plasta kwa juu. Usiingize kijiti, chanuo wala sindano ya kufumia. Mkwaruzo mdogo usiouona unaweza kuwa kidonda.

Kila siku chukua tochi umulike ndani ya kingo. Unatafuta wekundu, malengelenge, na vitu vilivyodondokea humo: punje ya wali, chembe za mahamri, kitu cha kuchezea. Wakati wa kula, mtandikie kitambaa kifuani kifunike ukingo wa juu. Sharubati ikimwagika ndani, sisimizi hawatachelewa. Na ufukweni msiende naye. Mchanga ukishaingia hautoki.

Kumgeuza, kumbeba na kumsafirisha

Mgeuze kila baada ya saa mbili hadi nne: chali, kifudifudi, na ubavu ikiwa daktari ameruhusu. Akiwa chali, weka taulo iliyokunjwa chini ya ndama za miguu ili visigino visigandamizwe. Akiwa kifudifudi, weka mto chini ya kifua, na hakikisha vidole vya miguu havibanwi na godoro.

Kile kijiti cha katikati ya miguu si mpini. Kukinyanyua kunaweza kuivunja plasta. Mkono mmoja upite chini ya mgongo na mwengine chini ya mapaja, nawe kunja magoti badala ya kuinamisha mgongo, kwani mtoto sasa ni mzito kuliko jana. Dadangu aliumwa kiuno kwa wiki mbili kabla ya kujua hilo.

Safari ipangeni mapema. Miguu iliyopanuka haitoshi kwenye kiti cha kawaida cha matatu. Kama gari ni la kukodi, muone dereva kabla, mjue mtoto atakaaje na atafungwaje mkanda. Na waliopasuliwa mbali, kama vile Nairobi au hospitali ya watoto ya AIC-CURE kule Kijabe, wamuulize daktari kama picha za eksirei za katikati zinaweza kupigwa huku pwani zikapelekwa, wasisafiri na mtoto kila mara. Vilevile ulizeni mapema ni gharama gani zinazolipwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Msiulize upasuaji peke yake. Ulizeni pia kubadilishwa plasta, kutolewa, na mazoezi ya viungo baadaye.

Chakula

Tumbo limebanwa, kwa hivyo mpe kidogo kidogo mara nyingi, badala ya kumshibisha mara moja. Asiyetembea hufunga choo upesi. Maji ya kutosha, papai, uji wa nafaka nzima, mbaazi na mboga humsaidia. Mlishe akiwa ameinuliwa, asije akapaliwa.

Dalili za kurudi hospitali siku hiyo hiyo

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona mojawapo ya haya:

- Vidole vya miguu vimekuwa vya buluu au vyeupe, vya baridi, vimevimba, au havichezi.
- Analia mfululizo na dawa ya maumivu haimtulizi.
- Ana homa isiyo na sababu unayoijua.
- Plasta inatoa harufu mbaya ya uozo, au ina majimaji au doa linaloongezeka.
- Plasta imepasuka, imelainika, au mtoto anateleza ndani yake.
- Anatapika mara kwa mara na tumbo limejaa, au anapumua kwa shida.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu. Wiki ya tano plasta ilianza kunuka. Mtoto hakulala usiku mbili. Familia ikakaa kikao, na mzee mmoja tunayemheshimu sana akasema mtoto anaoza, aitwe fundi wa viungo aikate plasta, amkande, na Mungu atamaliza. Kisu kilikuwa kimeshawekwa mezani. Dadangu alimkumbatia mwanawe akasema, "Atakayeikata ni aliyeifunga." Alfajiri tulikuwa njiani.

Hospitali waliikata plasta wakakuta kipande cha biskuti kilicholowa mkojo, kimegandamana na pamba mgongoni, na ngozi imeanza kuchubuka. Nyonga ilikuwa mahali pake. Waliisafisha ngozi wakafunga plasta mpya. Daktari alituambia kwamba tungeikata nyumbani, pengine tungeanza upya. Yule mzee mwenyewe ndiye aliyelipa nauli ya kurudi, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akishika tochi.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu najua si nyumba yetu tu. Harufu na kilio ni sababu ya kukimbilia hospitali, si sababu ya kuchukua kisu.

Moyo wa mtoto, na wa mama

Mtoto wa umri huu alikuwa akikimbia, ghafla amekuwa kama mbao. Atakasirika, atarusha vitu, atarudia kutaka kunyonya hata kama ameachishwa. Hajaharibika tabia. Mtoe chumbani akae palipo na watu: barazani, jikoni mnapopika, sebuleni. Mlaze kifudifudi juu ya mkeka na vitu vyake vya kuchezea mbele yake. Watoto wengi hujifunza kujivuta kwa mikono ndani ya wiki chache, kwa hivyo usimwache peke yake kitandani hata dakika moja.

Mama naye anachoka kwa namna isiyoonekana. Anaamka kila saa tatu kubadilisha pampasi, kisha mchana anaulizwa alimwangushaje mtoto. Baba ajifunze kumgeuza na kumbadilisha tangu wodini. Zamu zigawanywe. Kazi hii ikiachiwa mtu mmoja, makosa huanza wiki ya tatu.

Siku plasta inapotoka

Wengi huingoja siku hii kama sikukuu, kisha hushtuka. Msumeno wa plasta una kelele, lakini unatikisika badala ya kuzunguka, na haukusudiwi kukata ngozi. Mwambie mtoto kuhusu kelele hizo mapema. Ndani utakuta miguu imekonda, ngozi ina magamba ya rangi ya kahawia na nywele nyingi kuliko kawaida. Mpwa wangu alilia zaidi siku ile kuliko siku aliyofungwa. Alizoea kushikwa, na sasa miguu yake ilikuwa inaning'inia.

Mwogeshe maji ya vuguvugu, loweka ngozi, usiisugue magamba kwa nguvu. Sasa ndipo chupa ya bibi ya mafuta ya nazi inapopata kazi yake, lakini si kukanda. Usimvute miguu wala kumlazimisha kusimama. Nyonga na magoti yatakuwa magumu kwa muda, na mtoto mwenyewe huyalegeza kwa kucheza, hasa kwenye beseni la maji. Wengine hupewa mikanda au vifaa vya kuvaa usiku. Anaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kutembea tena, na mwanzoni atachechemea.

Na kliniki haziishi hapo. Nyonga hufuatiliwa kwa eksirei mpaka mtoto akomae, kwa sababu kikombe kinaweza kubaki na kina kidogo, au kichwa cha mfupa kikakosa damu ya kutosha na kupoteza umbo. Hayo hayana maumivu mwanzoni. Picha ndiyo huyaona.

Kwa wenye watoto wachanga

Samaki mkunje angali mbichi. Nyonga ya mtoto wa miezi miwili hurekebishika kwa mikanda. Ya mtoto wa miaka miwili huhitaji kisu. Kila anapopelekwa chanjo, mwombe muuguzi akague nyonga. Nyumbani, unapombadilisha nepi, tazama kama paja moja halifunguki kama la pili, kama mguu mmoja unaonekana mfupi, au kama mikunjo ya mapaja hailingani. Kama alitanguliza matako tumboni au kuna aliyewahi kuugua hivyo katika familia, omba picha ya altrasaundi akiwa na wiki chache, hata kama huoni dalili yoyote.

Na mbeleko tusiionee haya. Mtoto anayebebwa mgongoni miguu imekumbatia kiuno cha mama, nyonga zake zimekaa vile vile madaktari wanavyotaka zikae, na madaktari wamekwisha kuona kuwa tatizo hili ni nadra kwa jamii zinazobeba hivyo. Linalodhuru ni kumviringisha mtoto kwa nguvu miguu ikiwa imenyooshwa na kubanana. Japani walianza kampeni ya kuwazuia wazazi wasifanye hivyo katika miaka ya 1970, na watoto wenye nyonga zilizotoka wakapungua sana. Mfunike mtoto, ila miguu iachiwe nafasi ya kukunjika.

Mpwa wangu alitembea wiki ya sita baada ya plasta kutoka, ameshika pindo la leso ya mamake. Leo yuko chuoni anajifunza alifu na bee, na anapochelewa hukimbia. Kila mwaka anarudi kupigwa picha.

Ukisikia jirani yako ana mtoto ndani ya plasta, nenda. Usimuulize kama alimwangusha. Osha mikono, mwambie akuonyeshe namna ya kubadilisha pampasi mbili, kisha umwambie akalale saa mbili.